Korja Tatu za Boriti: jinsi ya kuujaribu mchezo wa wanafunzi kabla ya kuufikisha mbele ya majaji

Mchezo ukishafunguka kwenye simu na kufika mwisho bila kuganda, wanafunzi wangu hupiga makofi na kuanza kubishana juu ya rangi ya nembo. Mimi huwaambia ndiyo kwanza tumeanza. Nafundisha hisabati hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na jioni nasimamia klabu ya kompyuta ya Gredi ya 8. Kila mwaka naona jambo lile lile: muda wote huliwa na ujenzi, halafu majaribio yanabanwa siku mbili za mwisho kabla ya maonyesho ya sayansi, wakati hakuna tena nafasi ya kurekebisha kitu. Ningekuwa na uwezo, ningeugawa muhula katikati, nusu ya kujenga na nusu ya kujaribu.

Nitaeleza kwa mfano mmoja, mchezo uitwao Pakia Jahazi, ambao Gredi ya 8 waliwatungia watoto wa Gredi ya 4. Mfanyabiashara anatokea kwenye skrini na kuagiza miti ya mikoko, tuseme korja tatu za boriti na fito kumi na tano. Mchezaji anaandika jumla ya miti. Korja moja ni miti 20, na mtoto wa Lamu amelisikia neno hilo tangu hajaanza shule, hata kama hajawahi kuulizwa ni ngapi. Akipatia, miti inapakiwa na jahazi linatweka tanga. Akikosa, miti inaanguka majini. Mchezo umejengwa kwa App Inventor, zana ya bure ya chuo cha MIT ambayo mtu anaunganisha bloku badala ya kuandika msimbo. Nyinyi mkitumia Scratch au kingine, mengi ya hapa yatawafaa vilevile.

Andikeni sentensi moja

Kabla ya jaribio lolote, andikeni kwenye karatasi kile ambacho mchezaji atakuwa anakiweza mwisho wa mchezo na mwanzo hakukiweza. Ya kwetu ilikuwa: "Mtoto ataweza kugeuza korja kuwa idadi ya miti, na idadi ya miti kuwa korja na baki, bila kuhesabu mti mmoja mmoja." Ibandikeni ukutani. Sentensi kama "watoto waipende hisabati" haifai, kwa sababu hakuna jaribio litakalowaambia kama imetimia.

Uvunjeni wenyewe kwanza

Jaribio la kwanza ni la kutafuta kasoro, na asilifanye aliyeunda sehemu hiyo. Aliyeunda anajua pa kubonyeza, na kidole chake hukwepa mashimo bila yeye kujua. Mpeni simu mwenzake na mmwambie kazi yake ni kuuharibu mchezo.

Abonyeze kitufe mara mbili kwa haraka. Aache jibu tupu kisha abonyeze "Pakia": kwenye App Inventor, hesabu ikifanywa juu ya kisanduku kitupu, mchezaji anatokewa na ujumbe wa hitilafu kwa Kiingereza, na mtoto wa Gredi ya 4 hapo huirudisha simu mezani. Dawa ni kukifanya kisanduku kipokee tarakimu pekee, na kutanguliza bloku inayouliza kama kilichoandikwa ni nambari kweli. Alaze simu ubavu. Kama picha zinavurugika, fungeni skrini ibaki wima. Abonyeze kitufe cha kurudi nyuma katikati ya mchezo aone kama alama zinapotea. Apigiwe simu wakati jahazi linapakia. Tena mchezo wenyewe uwe ni ule uliosakinishwa kama faili ya APK, si ule unaotazamwa kupitia programu ya majaribio wakati wa ujenzi, maana yapo mambo yanayokubali huku na kukataa kule.

Jaribuni kwenye simu mbovu kuliko zote mtakayoipata, yenye kioo kidogo na iliyojaa picha za harusi, kwa sababu ndiyo mtoto ataazimwa nyumbani. Halafu tokeni nje saa saba mchana, simameni ukingoni mwa bahari, mwone kama maandishi bado yanasomeka. Rangi ya mchanga iliyokuwa ikipendeza ndani ya darasa ilimezwa yote na jua. Msitegemee pia nyekundu na kijani peke yake kuonyesha kosa na sahihi, kwani wapo watoto, hasa wavulana, wasiozitofautisha rangi hizo mbili. Ongezeni alama ya umbo.

Na wekeni kitufe cha kuzima sauti mahali pa wazi. Mji wetu una misikiti mingi, na adhana ikilia mtoto asianze kuhangaika na menyu.

Kila kasoro iandikwe daftarini: simu gani, nilifanya nini, nilitarajia nini, kikatokea nini. "Mchezo umeharibika" haimsaidii mtu. "Nimeandika 60, nikabonyeza Pakia mara mbili, jahazi likapakia miti 120 na alama zikaongezeka mara mbili" inamwonyesha fundi pa kuanzia. Daftari hili msilitupe, kwa sababu mbele ya majaji litakuwa na thamani kuliko mapambo yote ya bango.

Watoto wacheze, nyinyi mnyamaze

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wanafunzi wengi hushindwa, kwa sababu kazi yenyewe ni kukaa kimya.

Chukueni watoto watano wa umri ule mnaoukusudia. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya kompyuta, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hufichua sehemu kubwa ya matatizo, na kwamba ni bora kujaribu na watano, kurekebisha, kisha kujaribu na watano wengine, kuliko kukusanya kundi kubwa mara moja. Kwa shule yenye simu chache ushauri huo ni neema. Wasiwe wadogo zenu waliokwisha kusimuliwa mchezo mezani. Changanyeni anayeiweza hisabati, anayeiogopa, na yule ambaye kwao hakuna simu janja.

Ombeni idhini ya mwalimu wao na ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto, na hata isingekuwepo sheria, mama wa hapa hatawasamehe mkipiga picha ya binti yake bila kumuuliza. Njia rahisi ni kutochukua jina wala sura. Mwite Mchezaji A, Mchezaji B, na mkirekodi video ielekezeni kamera kwenye vidole na kioo tu.

Gawaneni kazi: mmoja akaribishe, mmoja aandike, mmoja atazame saa. Dakika kumi na tano zatosha. Mkaribishaji aanze kwa kusema, "Leo tunaupima mchezo, hatukupimi wewe. Ukikwama, kosa ni letu." Vitabu vinashauri mchezaji aseme kwa sauti kila anachokifikiria. Kwa watoto wetu hilo ni gumu, mdogo hakai mbele ya wakubwa akaanza kujisemesha. Waketisheni wawili kwa simu moja. Watabishana wenyewe, "bonyeza hapa", "siyo, ile korja, siyo mti mmoja", na nyinyi mtasikia kila kitu bila kuuliza.

Waliounda mchezo waweke mikono nyuma. Si mzaha, nawalazimisha. Mtoto akisita sekunde tatu, muundaji hujikuta ameshanyoosha kidole, "Pale! Bonyeza pale!" Likitokea hilo, andikeni: hapa mchezo ulihitaji msaada wa mtu. Nyumbani kwa mtoto huyo mtu huyo hatakuwepo. Na mchezaji akiuliza, "Niteze vipi?", jibuni, "Wewe waonaje?" kisha mngoje.

Andikeni mnachokiona, msiandike mnachodhani. Kidole kilisita wapi? Alibonyeza nini kisichobonyezeka? Kwetu karibu kila mtoto alibonyeza tanga akitaka jahazi liende, na wala halikuwa kitufe. Wanafunzi wakaacha kubishana na kulifanya tanga liwe kitufe. Maelezo marefu ya mwanzo hakuna aliyeyasoma, kwa hiyo yakafutwa yote, na agizo la kwanza likawa la kuonyeshwa: mkono unatokea, unapakia korja moja, kihesabio kinaandika 20.

Lakini lililonifurahisha kuliko yote lilikuwa la miti kuanguka majini. Kijana aliyetengeneza sehemu hiyo alikuwa fundi kweli: mshindo, povu, boriti zikielea, na kasa akichungulia. Ushindi ulikuwa na maandishi "Hongera" tu. Baada ya maagizo machache watoto wakaanza kuandika majibu ya ovyo makusudi, wakicheka, ili wamwone kasa. Mchezo uliokusudiwa kufundisha kuzidisha ulikuwa unawatuza wanaokosea! Hakuna maswali ya baada ya mchezo ambayo yangelifichua hilo, ilibidi kuona. Wakauhamisha uhondo wote: sasa ukikosa miti inabaki gatini kimya na msaada unatokea, ukipatia tanga linapanda, kasa anachungulia, na vigelegele vinalia, vigelegele vya mama zao wenyewe waliovirekodi uani.

Mchezo ukiisha, msiulize "Umeupenda?" Mtoto mwenye adabu atasema ndiyo hata kama alichoka tangu agizo la pili. Mwambieni amfundishe mwenzake namna ya kushinda, na msikilize anasema nini. Akisema "gusagusa mpaka ikubali", mmepata habari muhimu kuliko sifa. Muulizeni pia ni wapi alikaribia kuacha, na kama angepewa ruhusa ya kuondoa kitu kimoja, angeondoa kipi.

Je, unafundisha?

Mchezo unaweza kuchezeka vizuri sana na usifundishe chochote. Njia ya kujua ni ya kizamani: ondoeni simu, toeni penseli.

Kabla ya kucheza, kila mtoto afanye hesabu tano karatasini. Baada ya kucheza, afanye tano nyingine za uzito ule ule. Baada ya wiki, tano tena. Ziwemo za kinyume, ambazo mchezo haukuziuliza kwa sura hiyo hiyo: miti 75 ni korja ngapi, na baki ni ngapi? Kama kuna darasa la pili, lifanye zoezi hilo hilo kwa vijiti na ubao, bila simu, mlinganishe. Mkiweza kusema kundi la simu lilifanya vizuri kuliko la vijiti, mna hoja. Mkikuta yamelingana, semeni yamelingana. Na watoto kumi hawathibitishi jambo kwa nchi nzima, wanaonyesha tu mwelekeo.

Toleo letu la mwanzo lilikuwa na majibu manne ya kuchagua, na kukosa hakukuwa na gharama yoyote. Mtoto aligusa moja, mbili, tatu, mpaka ikakubali, akamaliza na nyota zote. Kwenye karatasi hakuwa ameongeza hata hesabu moja. Majibu ya kuchagua yakaondolewa, mchezaji akatakiwa kuandika nambari, na akikosa mara mbili agizo linabadilika.

Kisha tazameni makosa yenyewe, msihesabu tu wangapi wamekosa. Kwa swali la korja tatu, mmoja aliandika 23, wa pili 30, wa tatu 6. Wa kwanza amejumlisha 20 na 3. Wa pili anadhani korja ni kumi. Wa tatu amezidisha 2 kwa 3, sifuri ikabaki njiani. Watoto watatu, maradhi matatu, na mchezo ulikuwa unawaambia wote "Umekosea, jaribu tena."

Hii ndiyo sehemu ninayowasihi msiiruke. Kwa maagizo ya korja tupu, bloku chache za "kama" zinatosha kuyatambua: jibu likilingana na korja jumlisha 20, kosa ni la kwanza, likilingana na korja mara 10, ni la pili, likilingana na korja mara 2, ni la tatu. Anayejumlisha aonyeshwe korja zikipanda moja moja huku kihesabio kikisema 20, 40, 60. Anayedhani korja ni kumi atandaziwe korja moja sitahani, safu mbili za miti kumi kumi, ahesabu mwenyewe. Aliyesahau sifuri aonyeshwe mafungu sita ya kumi na aulizwe kila fungu lina miti mingapi. Maagizo yenye fito za ziada yana makosa ya aina nyingine, na hayo wanafunzi walikusanya kwenye karatasi za watoto kabla ya kuyaandikia msaada.

Mpelekeeni anayeijua kazi

Mchezo wa kufundisha una mambo mawili ya kusahihishwa, hesabu na ulimwengu wake. Hesabu naijua mimi. Kuhusu mikoko na majahazi, nikawatuma kwa mzee mmoja aliyewahi kuchuuza miti. Wakamwamkia, wakampa simu. Akatazama kwa muda, akasema, "Wajukuu zangu, usukani mmeutia omo. Jahazi hili laenda wapi?" Picha ilikuwa imeokotwa intaneti na kugeuzwa. Akaonyesha pia kwamba nguzo zilichorwa nyembamba kuliko boriti, wakati utaratibu kutoka nyembamba kwenda nene ni fito, pau, boriti, nguzo. Wanafunzi wakaacha picha za kuokota, wakachora zao. Likawapunguzia na swali la majaji kuhusu picha ni za nani. Kwa jambo kama hili jiandaeni pia kuulizwa kuhusu msitu wenyewe: mkoko hukatwa kwa kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, na mfanyabiashara wa kwenye mchezo sasa anaonyesha kibali kabla ya agizo la kwanza.

Kurekebisha

Zigaweni kasoro katika mafungu matatu: zinazomzuia mtoto kuendelea, zinazoharibu somo, na za urembo. Msiguse fungu la tatu kabla ya mawili ya kwanza kwisha. Wanafunzi watataka kuongeza duka la sarafu, maharamia, na mashindano ya majahazi. Mimi hufunga mlango wa mambo mapya wiki mbili kabla ya maonyesho, na kelele zao nazivumilia.

Badilisheni jambo moja, kisha jaribuni na watoto wapya. Waliocheza jana wameshajua njia. Kila toleo lihifadhiwe kwa nambari yake, na nakala iwekwe kwenye flashi. Punguzeni ukubwa wa picha na sauti, kwa sababu faili itapita kwa Bluetooth na WhatsApp, na bando ni pesa ya mtu.

Siku ya kuonyesha

Kwa Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, KSEF, kazi hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kanda, na taifa. Kwetu safari huanza kwa boti hadi Mokowe, kwa hiyo simu zifungwe kwenye mifuko isiyopitisha maji, ziwe mbili zenye mchezo uliokwisha kusakinishwa jana yake, na pawabanki iliyojaa. Mchezo uende bila intaneti. Wekeni na video ya dakika moja, endapo kila kitu kitagoma.

Msianze kwa historia ya kompyuta. Mpeni jaji simu katika sekunde za mwanzo: "Karibu, mwalimu, jahazi lako linangoja korja nne za pau." Mwacheni ajaribu. Mwombeni aandike jibu la makosa kwa makusudi, auone msaada ukitokea. Hapo ndipo mseme ile sentensi moja ya ukutani, mfungue daftari, na mwonyeshe skrini za kabla na za baada. Kisa cha kasa kitawakumbusha majaji kibanda chenu jioni wanapojumlisha alama. Matokeo ya karatasi yasemeni yalivyo, pamoja na kile kisichofanya kazi bado.

Maswali yatakuja. Bloku hizi ni zako? Kila mwanachama aweze kuufungua mradi na kueleza sehemu yoyote, hata aliyechora tu. Kwa nini simu na si vijiti? Mna linganisho lenu. Taarifa za watoto zinakwenda wapi? Alama zinahifadhiwa ndani ya simu kwa TinyDB, ghala dogo la data la App Inventor, hazitoki nje, na hakuna jina linaloulizwa. Fanyeni mazoezi mbele ya nyanya asiyetumia simu janja, kisha mbele ya vijana wa barazani wasio na huruma. Mkipita muda, kateni maelezo, msikate zamu ya jaji kucheza.

Mtaulizwa pia mtauweka lini Play Store. Akaunti ya muundaji ni dola 25, hulipwa mara moja, na lazima iwe ya mtu mzima. Akaunti mpya ya binafsi hutakiwa kwanza kuwa na wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Kwa klabu ya shule naona faili ya APK iliyogawiwa mkono kwa mkono inatosha mwaka wa kwanza.

Mkirudi, wapelekeeni toleo la mwisho wale watoto walioujaribu, maana waliahidiwa. Mradi wenyewe, faili ya AIA pamoja na daftari la kasoro zilizobaki, wakabidhiwe Gredi ya 7. Ya kwanza kwenye orodha yao ni kwamba mchezo bado haumkubali anayetaka kuandika "korja 3" badala ya 60.